Mgongo wa Babu Yumba

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, nitakungoja. Ukimaliza unisikilize, kwa sababu haya sikuyasikia kwa mtu wala sikuyaota. Yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, katika atelye yangu ya kuchongea, mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, nikiwa nimeshiba bukari na samaki, na pombe sijaigusa tangu Noeli. Mama Ngoie, anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya mlango wangu, aliona mwisho wake kwa macho yake. Nenda umwulize. Hatakujibu, lakini mwulize tu, uone uso wake.

Mimi ni mchongaji. Nachonga sanamu za wazee wa zamani kwa ajili ya wageni wanaopenda vitu vya kale, na sitakuficha kitu: Jumatatu nakata mti, Ijumaa sanamu ina miaka mia. Maji ya chai, moshi wa mbabula, lile jiko la makaa, udongo mwekundu kidogo, halafu sirazi ya viatu ya kung'arishia. Nimemwua nani? Mgeni anaondoka na furaha, na mimi nalala vizuri.

Sasa kuna jambo moja la kazi hii ambalo watu wengi hawalijui. Sanamu zetu za kweli hazipo hapa. Zilibebwa zamani, ziko Ulaya ndani ya vioo, na sisi wachongaji tunazijua kwa picha za vitabu. Na picha ya kitabu, niambie, inaonyesha nini? Uso. Uso, kifua, mikono miwili imeshika tumbo, basi. Nimeshika vitabu vya namna hiyo vingi mno, na sikumbuki kuona mgongo hata mmoja. Kwa hiyo mbele tunaiga, na nyuma kila mtu anajitungia. Hakuna aliyewahi kulalamika, maana mgeni akifika kwake anaisimamisha sanamu ukutani.

Nilifanya hivyo miaka ishirini, hadi siku Papa, baba yangu, aliponiomba Babu Yumba.

Papa alikuwa mtu wa reli. Alitoka kaskazini, upande wa Kongolo, sisi ni Bahemba, akafanya kazi kwenye treni mpaka nywele zikawa nyeupe, akaacha kazi akakaa mtaa wa Makomeno kwa dada yangu mkubwa, Yaya Honorine. Katika ukoo wake kulikuwa na sanamu ya babu mmoja wa mbali sana aitwaye Yumba. Ilikaa katika nyumba yake ndogo, ikipakwa mafuta ya mawese na kuambiwa habari za familia. Papa akiwa bado mtoto, sanamu ikaibiwa. Ndivyo tulivyoambiwa sote tangu utoto: wezi walikuja mchana watu wakiwa shambani, wakambeba babu.

Zamani kidogo, macho yake yakiwa bado mazima, Papa alipita kwenye atelye yangu akaona fotokopi niliyoibandika ukutani, ukurasa wa kitabu kimoja. Kikombe cha chai kilimtoka mkononi. Akasema, "Huyu ni Yumba." Kisha akaomba nimtafutie gari la kurudi.

Kisha sukari ikamla macho. Halafu mguu mmoja. Mwaka jana mvua zilipoanza, daktari alituambia tumrudishe nyumbani, tumkalie karibu. Yaya Honorine, ambaye misa ya asubuhi haimpiti, akamleta padri. Papa alimpokea vizuri, wakasali pamoja, lakini ilipofika saa ya kuungama akafunga kinywa.

"Kuko neno moja inabakia," akatuambia baadaye. "Lakini haiko ya padri. Ni ya Yumba. Munileteeye Yumba nimuguse, nimuambie, kisha niende."

Unaelewa sasa nilikuwa na mzigo gani? Baba yangu alikuwa anakufa na neno kooni. Usiku alilia kama mtu anayebanwa na mlango, siyo kwa maumivu, kwa lile neno. Yaya alikuwa anamsikia kutoka chumba cha pili akisema "bado, bado", na asubuhi ananipigia simu mimi mdogo wake, hata salamu hatoi: "Leki, chonga!"

Nikachonga. Ya kwanza niliifanya kwa siku nne, uso kama wa fotokopi kabisa, najivunia hadi leo. Nikaipeleka Makomeno. Papa akainusa kwanza.

"Mbona babu ananuka sirazi?" akasema. "Yumba haiko kiatu."

Yaya alicheka hadi akatoka nje. Mimi sikucheka. Halafu Papa akafanya jambo ambalo sikulitarajia: uso hakuugusa hata kidogo. Aliigeuza sanamu, akapitisha vidole nyuma ya kichwa, mara moja tu, akanirudishia.

"Haiko yeye."

Ndipo akanieleza. Kwao, watoto hawakuruhusiwa kumgusa Yumba mbele. Mbele ni kwa wakubwa. Mtoto kazi yake ilikuwa kumpaka mafuta mgongoni na kwenye kisogo, na kazi hiyo alipewa yeye. Uso wa Yumba alikuwa anauona kwa mbali tu, lakini mgongo wake aliujua kama unavyojua sufuria ya mama yako.

Nikamwomba anieleze ule mgongo ukoje. Nywele zimesukwaje? Akajaribu. Mafungu manne, akasema, yanapitana, yanafanya msalaba. Hayo niliyajua, wazee wetu wengi walisuka hivyo. Lakini yanapitanaje, lipi juu, lipi chini, fundo liko wapi? Akainua mikono, vidole vikacheza hewani, midomo ikabaki wazi.

"Mukono njo inajua," akasema. "Kinywa haijui."

Nikachonga ya pili. Haiko yeye. Nikachonga ya tatu, nimekaa kando ya kitanda chake, yeye ananiongoza kwa vidole vyake juu ya mti. Haiko yeye. Siku hiyo hakukasirika hata kidogo, alinishukuru kwa kujisumbua, na hilo liliniumiza kuliko matusi. Nilirudi Katuba nimesimama nyuma ya kamioneti, mvua inaninyeshea, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Ya nne niliianza kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine. Mti wa mulombwa, mzito, mwekundu ndani. Safari hii nilimaliza mbele yote, nyuma nikaiacha gogo tupu. Nikakaa nalo siku mbili naliangalia.

Siku ya tatu mvua ilianguka kubwa, ile ya kupiga mabati mpaka husikii mawazo yako. Umeme ulikuwa umekwenda. Mama Ngoie alikuwa amefunika makala yake kwa sheti na kujibanza kwenye kibaraza cha jirani, ng'ambo ya njia. Mtu akaingia. Nilimwona kwa pembe ya jicho tu, maana nilikuwa nimeinamia tezo: mzee mfupi, koti refu, kofia ya zamani imeshuka hadi shingoni. Sikujali. Watu huingia kujificha mvua kila mara. Nikasema karibu, nikamsukumia kigogo cha kukalia kwa mguu.

Akakaa. Na alikaa akinipa mgongo.

Hilo nalo sikulishangaa sana, niamini, nilidhani anaangalia mvua. Kilichonishangaza ni kwamba koti lake lilikuwa kavu. Kavu kabisa, na nje kulikuwa na mto.

Akauliza, Kiswahili chake cha kaskazini, cha kule kwetu, kinachosema "bantu" badala ya "watu", kile alichokuwa anakisema Papa akichoka: "Weye njo fundi?"

"Njo miye, muzee."

"Unatengeneza nani?"

Nikamwambia: babu wa ukoo wetu. Nikamwambia na shida yangu, sijui kwa nini, mtu nisiyemjua. Kwamba mbele iko, nyuma haipo, na baba yangu anasubiri.

Mzee akacheka kidogo, cheko la kifuani. "Ee. Beko banatengeneza bantu bila mugongo."

Kisha akavua kofia.

Sasa hapa ndipo ninapokuomba uniamini. Chini ya kofia nywele zilikuwa zimevutwa nyuma, nyingi, zimepakwa mafuta zinang'aa, zimesukwa kwa namna ambayo hakuna mtu anayesuka tena popote Lubumbashi. Mafungu manne. Mawili yalilala, mawili yakapita juu yake, yakakutana katikati kwenye fundo dogo lililobanwa kama kifungo cha shati. Na ilinijia harufu. Mafuta ya mawese.

Je, niliogopa? Ningependa kukuambia ndiyo, ingekuwa hadithi nzuri zaidi. Ukweli ni kwamba mkono wangu ulishika tezo kabla kichwa hakijafikiri. Mtu ambaye ametafuta kitu miezi miwili, akiwekewa mbele ya pua, hana nafasi ya woga. Nilichonga. Mvua inapiga, vipande vinaruka, mzee hatikisiki. Kila niliponyanyua macho alikuwa pale pale, na nywele zile zilikuwa rahisi, nikashangaa nilishindwaje kuzifikiria.

Isipokuwa sehemu moja. Fungu la chini upande wa kushoto lilikuwa fupi. Limekatika ncha, kama jino lililovunjika, kwa hiyo msalaba ulikuwa mzima pande tatu na wa nne kilema. Nikajisemea, msusi alilegea hapa. Na sasa nitaungama ugonjwa wa sisi watu wa sanamu za wageni: hatuwezi kuacha kitu kikiwa kimepinda. Mgeni anataka kushoto na kulia zilingane. Mkono wangu wenyewe ukaanza kulinyoosha lile fungu, kulipa urefu wake, niwe na msalaba mzuri. Nilikuwa nimeshapiga alama kwa kisu.

"Hapana," mzee akasema. Hakugeuka. Hakuwa na namna yoyote ya kuona. "Usinipendezeshe. Uniache vile niko. Kuko muntu atanitambua pale."

Tezo ikanitoka mkononi. Nikaiokota. Nikakata lile fungu fupi, kama lilivyokuwa.

Nilipomaliza mvua ilikuwa inapungua, na ndipo udadisi ukaniingia. Hili ndilo kosa langu, na sitaki ulirudie. Nilitaka kuuona uso. Nani asingetaka? Niliuchonga uso wa Yumba mara nne, nilitaka kujua kama nilipatia pua. Nikajifanya nafuata msasa kwenye rafu upande wa pili, nikapita mbele yake, nikageuka nimtazame.

Nikaona mgongo wake.

Nikadhani amegeuka. Nikazunguka tena upande niliotoka. Mgongo. Koti lile lile, fundo lile lile, fungu fupi chini kushoto. Nikazunguka mara ya tatu, polepole, nimeshika ukuta, macho sikuyaondoa juu yake, na naapa kwamba hakusogea hata kidogo. Kisogo kilifuatwa na sikio, na sikio likafuatwa na kisogo. Nilikuwa kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango, na nyumba haina.

"Unazunguka bure," akasema, na sauti haikutoka upande wowote. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Sura balibeba. Kule kila siku banaiangalia. Mugongo hakuna muntu aliuliza, njo inabakia kwenu."

Akavaa kofia. Akatoka mlangoni, au aliingia, sijui niseme nini kwa mtu wa namna ile. Mimi nilibaki nimeketi chini kwenye maganda ya mti, na sasa ndiyo, sasa niliogopa, hadi meno.

Aliyeniinua ni sauti ya Mama Ngoie. Alikuwa amerudi kufunua makala yake, akasimama katikati ya njia anatazama chini. "Fundi, kuya uone!" Nikatoka. Kutoka mlango wangu hadi barabarani, kwenye tope jekundu, kulikuwa na nyayo. Nyayo safi, za miguu mitupu. Kisigino huku, na kisigino huku. Vidole hamna.

Mama Ngoie aliziangalia, akaniangalia mimi, akafanya ishara ya msalaba. Akakunja sheti, akaenda zake, makala akayaacha nje yaloane. Mwanamke ambaye hafungi biashara hata siku ya uhuru!

Mimi nikaifunga sanamu ndani ya shuka nikatafuta pikipiki. Hakuna chai, hakuna moshi, sirazi ndiyo usiseme. Mti mbichi, mwekundu, bado unatoa unyevu.

Makomeno nilimkuta Yaya Honorine amekaa mlangoni na rozari. Alitaka kunizuia, Papa amelala, ameshinda vibaya, usimsumbue na masanamu yako. Nikafungua shuka nikamwonyesha nyuma. "Msalaba," akasema, akaugusa, akanipisha. Msalaba ule ni wa zamani kuliko misioni zote za Katanga, lakini siku hiyo sikuwa na hamu ya kubishana na mtu.

Papa hakuwa amelala. Nilimlaza Yumba kifuani pake, uso chini, kisogo juu. Vidole vikaanza kupanda kutoka mabegani. Vikafika kwenye fundo. Vikapita fungu la kwanza, la pili, la tatu, na vilipofika la nne, lile fupi, vikasimama pale.

Nilimwona baba yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, akawa mtoto mbele yangu. Uso wote ulivunjika.

"Babu," akamwambia mti. "Ni miye nilikuangusha."

Akalitoa lile neno. Sisi tulisimama, Yaya na mimi, hakuna aliyesema tutoke. Alikuwa mdogo, akasema, na kila siku anampaka mafuta, na watoto wenzake hawamwamini. Siku moja akamtoa nje awaonyeshe. Akamfunga mgongoni kwa kitambaa kama mama na mtoto. Kitambaa kikalegea, Yumba akaanguka kwenye jiwe la kusagia, fungu la chini kushoto likakatika. Akakitupa kile kipande kwenye moto. Akamrudisha ndani, akaishi kwa hofu, maana siku yoyote wakubwa wangekuja na kumgeuza. Halafu akapita mtu na gari, anauliza kwa upole nani ana vitu vya zamani hapa.

"Bezi habakukuya," akasema Papa. "Ni miye nilibaonyesha nyumba. Nilisema akienda, haitaonekana kama nilimuvunja. Babu, ni miye nilikutoa. Bantu bote balilia, na miye nililia pamoja nabo."

Alilibeba hilo miaka sabini na zaidi. Katika treni, katika harusi zetu, katika kila Pasaka. Niliposikia nilitaka kukasirika, nilijaribu kabisa, sikuweza. Yaya alikuwa amepiga magoti. Mimi nilishika mguu wa Papa, ule uliobaki, nikaushika tu.

Kidole chake kikapita juu ya lile fungu fupi, mara mbili, mara tatu. Kisha akatabasamu, akauliza kama kuna chai. Akanywa kikombe kizima. Usiku ule hakulia. Aliishi siku tano zaidi, aliungama kwa padri dhambi ndogo ndogo, akamwambia Yaya wali una chumvi nyingi, akafa mchana wa Alhamisi, amelala ubavu, mkono juu ya Yumba.

Sanamu iko Makomeno mpaka leo, juu ya kabati la Yaya Honorine, uso ukutani, mgongo kwa watu. Jumapili akirudi misa anaupaka mafuta ya mawese, na ole wako umwulize kwa nini.

Na mimi? Mimi nilibaki na alama yangu. Wiki mbili baada ya maziko nilikwenda kwa kinyozi wangu. Akapitisha mashine, akasimama. "Grand," ndivyo vijana wa hapa wanavyomwita mkubwa wao, "hapa nywele ilienda wapi?" Nyuma ya kichwa, chini kushoto, pana mahali padogo kama ncha ya kidole ambapo hapaoti kitu. Tangu siku ile hapajaota. Sijawahi kupaona mwenyewe, nilijaribu kwa vioo viwili nikachoka. Lakini kila mwezi kinyozi ananiuliza, na kila mwezi napagusa kwa kidole.

Kazi ya sanamu za wageni ilinishinda. Mkono unakataa kutunga mgongo nisioujua. Sasa nachonga viti na milango, na Jumamosi nazunguka kwa wazee wa kaskazini waliobaki, mitaa ya Kenya na Katuba, hata hadi Kasomeno nimefika, nawaomba wafumbe macho na wanionyeshe kwa vidole hewani. Wananiona kama nimerukwa na akili. Wananionyesha hata hivyo.

Wewe uliyenisikiliza, nakuomba mambo mawili. Mtu akiingia kwako siku ya mvua akakaa akikupa mgongo, mpe kigogo akalie, fanya kazi yako, na usimzunguke. Na kama una mzee nyumbani, usitosheke na picha yake iliyo kwenye simu yako. Leo jioni pita nyuma ya kiti chake, weka mkono kwenye kisogo chake, ukijue. Siku nyingine utakihitaji, na mimi sijui kama kuna mtu atakayekuja kukukalia akikupa mgongo.